Ua la Majini la Meru na Embu Linatuhusu Nini Sisi Watu wa Pwani?

Ukitaja Meru hapa kwetu Pwani, utajibiwa miraa. Ukitaja Embu, utajibiwa muguka, na hapo baraza litawaka moto, hasa tangu mwaka 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipotangaza kuupiga marufuku na mambo yakafika mahakamani. Leo naomba, msomaji wangu, tuyaweke kando majani hayo. Nataka tuzungumze juu ya mmea mwingine wa huko, usiotafunwa wala kupakiwa kwenye magari ya mwendo wa kasi, na ambao wengi wetu hatujui kwamba maisha yake yamefungamana na yetu. Mmea huo ni yungiyungi.

Nilikutana nalo Embu. Rafiki yangu niliyesoma naye diploma alinialika kwao, upande wa chini wa kaunti hiyo, kule ambako miteremko ya Mlima Kenya huanza kulainika na joto la Mbeere likakukumbusha nyumbani. Nilipomwamkia mama yake kwa shikamoo alicheka sana, akasema sasa ameamini kweli mimi ni mtu wa Mombasa. Kesho yake, mwendo wa saa tatu asubuhi, akanichukua tukashuka bondeni chini ya shamba lao. Palikuwa na kidimbwi kisichozidi ukubwa wa uwanja wa mpira wa watoto, kimezungukwa na matete, na juu ya maji yametandazwa majani ya duara kama sahani. Katikati ya majani hayo yalisimama maua ya rangi ya samawati yenye moyo wa manjano.

"Haya hulala," mama aliniambia. "Ukija jioni hutayaona. Yanafunga mlango kama duka."

Akaniambia kwamba alipoolewa, karibu kila bonde la hapo lilikuwa na kidimbwi chake na maua yake. Sasa katika eneo lao kimebaki hicho kimoja. Akanionyesha kwa kidole bonde la jirani: mtaro mrefu uliochimbwa katikati na safu ya mikaratusi pembeni. Wanawe wawili wanataka na wao wachimbe mtaro kama huo, wakaushe kidimbwi, wapande nyanya na mishiri. Karo ya shule inawabana. Yeye hataki, lakini hana la kuwaambia zaidi ya kwamba maua ni mazuri. "Wewe umesoma, mwanangu," akasema. "Nisaidie kuwajibu."

Siku hiyo sikuwa na jibu la maana. Nilirudi nikasoma, nikauliza, nikafuatilia. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa kuwa maji yale ya bondeni hatima yake ni huku kwetu, ni jibu langu kwako pia.

Ni ua gani hasa?

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Watu wengi wakiona mmea wenye maua juu ya maji husema, "Hilo ni gugu maji." Sivyo. Gugu maji lilitoka Amerika Kusini, linaelea bila kushika ardhi, na ndilo lililolisumbua Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Yungiyungi ni mwenyeji. Mizizi yake imeshika tope la chini, mabua yake marefu hupanda hadi juu, na majani yake hulala bapa juu ya maji. Gugu maji hufunika maji na kuyaziba, lakini yungiyungi hukaa nayo kwa adabu.

Aina inayoonekana zaidi Kenya ni lile la samawati ambalo wataalamu huliita Nymphaea nouchali. Lina jamaa zake kuanzia Misri hadi Afrika Kusini. Wamisri wa kale walilithamini mno hata petali zake zimekutwa kwenye mashada waliyozikwa nayo wafalme wao. Na sisi watu wa bahari tuna sehemu yetu katika hesabu hiyo. Mwaka 1877 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Robert Caspary, aliliandika yungiyungi la samawati kwa jina la zanzibariensis, yaani la Zanzibar. Siku hizi wataalamu hulihesabu kuwa namna mojawapo ya lile lile la samawati, lakini jina la visiwa vyetu limebaki vitabuni.

Ukoo huu ni wa kale ajabu. Mwaka 2020 wanasayansi walichapisha ramani nzima ya vinasaba vya yungiyungi moja lenye asili ya Afrika Mashariki, Nymphaea colorata. Waliichunguza kwa sababu mayungiyungi ni miongoni mwa mimea ya kwanza kabisa kujitenga na shina kuu la mimea yote itoayo maua. Kabla ya mwembe, kabla ya mwasumini, kabla ya mkarafuu, mababu wa yungiyungi walikwishashika njia yao. Ukisimama kando ya kidimbwi cha Embu ukaliangalia, unaangalia ukoo uliokuwapo ardhini tangu enzi za madubwana wa kale, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita.

Je, ni ua adimu? Kwa hesabu ya bara zima, hapana. Lakini uadimu wa mmea wa majini si kama wa mti wa msituni. Mti unaweza kuwa na wenzake kilima kwa kilima. Yungiyungi linaishi kwenye kisiwa cha maji kilichozungukwa na bahari ya nchi kavu. Kidimbwi kikikaushwa, hakuna la jirani linaloweza kutambaa kuja kujaza pengo. Kwa hiyo linaweza kuwa la kawaida kwenye vitabu, na huku likawa limekwisha katika wilaya nzima. Linatoweka bonde baada ya bonde, na hakuna siku hata moja ya kutangaza msiba.

Siku chache za ua moja

Mama alisema kweli kwamba maua hayo hulala. Ua la yungiyungi la samawati hufunguka asubuhi jua likipanda na kujifunga alasiri, halafu hurudia hivyo kwa siku tatu au nne. Lakini kila siku lina kazi yake.

Siku ya kwanza ua ni la kike. Katikati yake kuna kikombe kidogo kilichojaa majimaji. Nyuki au mdudu mwingine aliyetoka ua jingine akiwa na chavua mwilini hutua, huteleza, hutumbukia kikombeni, na ile chavua humtoka ikabaki kwenye majimaji. Wengine hujiokoa, wengine hufa humo. Siku ya pili na zinazofuata ua limekwisha kugeuka kuwa la kiume: kikombe kimefunikwa, na sasa linatoa chavua yake lenyewe. Mdudu anayefika hapati tena hatari ya kuzama, anaondoka na mzigo na kuupeleka kwa ua jingine lililo katika siku yake ya kwanza. Kwa utaratibu huu ua halijichavushi lenyewe kwa urahisi. Linahitaji jirani.

Baada ya hapo bua hujivuta, tunda likashuka chini ya maji na kukomaa huko gizani. Likipasuka, mbegu hutoka zikiwa zimevikwa kijiganda chenye hewa, zikaelea kwa muda mfupi zikisukumwa na upepo, kisha ganda huoza na mbegu huzama kwenye tope. Ndiyo safari yote ya mtoto wa yungiyungi, na kwa kawaida haivuki ng'ambo ya kidimbwi alichozaliwa.

Majani nayo yana maarifa yake. Matundu yao ya kupumulia yako upande wa juu unaotazama hewa, tofauti na mimea mingi ya nchi kavu. Ndani ya mabua mna mifereji ya hewa inayoshuka hadi kwenye mizizi, kwa sababu tope la kinamasi halina hewa ya kutosha. Na kidimbwi kikikauka kwa kiangazi cha kawaida, kiazi cha chini hubaki hai topeni kikingoja mvua. Ndiyo maana mtu anaweza kuona tope tupu mwezi wa Septemba akadhani mmea umekufa, kisha mvua za vuli zikashuka akaona majani yametokea tena.

Sikiliza neno hilo: kiangazi cha kawaida. Yungiyungi linastahimili ukame uletwao na Mungu. Linaloshindwa kustahimili ni mtaro.

Nyumba yake ni kinamasi

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kinamasi ni uchafu, ni mbu, ni ardhi iliyokosa kazi. Kumbe ni ghala. Mvua ikinyesha mlimani, maji yakikuta bonde lenye matete na tope zito, hupungua mwendo, hutuama, huacha udongo wake hapo, kisha hupenya na kutoka polepole siku nyingi baada ya mvua kwisha. Bonde likishakatwa mtaro, maji yale yale hupita mbio siku moja, yakiwa mekundu kwa udongo, na wiki ya pili hakuna kitu.

Majani ya yungiyungi hutia kivuli, maji yakawa baridi kidogo. Samaki wadogo na vyura hujificha chini yake. Juu yake hutembea ndege mmoja mwenye vidole virefu kupita kiasi, ambaye hugawa uzito wake juu ya majani asizame. Kwa ndege huyo dume ndiye anayeatamia mayai na kulea vifaranga, na hatari ikija huwabeba chini ya mbawa zake. Ukilitoa yungiyungi, hukutoa ua tu. Umempokonya huyu baba sakafu ya nyumba yake.

Meru na Embu zimejaliwa sehemu za namna hii kwa sababu ya mlima na vilima vya Nyambene. Kuna Ziwa Nkunga katika msitu wa Imenti, karibu na mji wa Meru, ambalo limo kwenye shimo la volkeno ya zamani. Juu zaidi, kwenye mteremko wa kaskazini mashariki wa Mlima Kenya, kuna ziwa dogo ambalo watafiti huliita Ziwa Takatifu. Tope la ziwa hilo limechimbwa na kupimwa, na ndani yake chavua za mimea zimehifadhika tabaka kwa tabaka kwa zaidi ya miaka 30,000. Kutokana nazo wataalamu wamesoma jinsi misitu ya mlima ilivyoshuka chini zama za baridi kali na kupanda tena joto liliporudi. Tope unaloliona halina thamani linaweza kuwa daftari la kumbukumbu za nchi.

Halafu kuna Hifadhi ya Taifa ya Meru, iliyoanzishwa mwaka 1966, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 870 hivi, mito mingi na vinamasi, na ambayo kusini inafika Mto Tana. Utasema, basi si yamekwisha kulindwa? Kiswahili chetu kina mzaha wake hapa: ua ni lile linalochanua, na ua ni ule uzio wa nyumba. Ua la majini haliwezi kulindwa na ua wa hifadhi ikiwa chemchemi inayolinywesha iko nje, kwenye shamba la mtu huko Nyambene. Maji hayakati tiketi langoni.

Linapotelea wapi?

Maadui wa yungiyungi katika nchi hizi za mlimani ni wanne, na karibu wote hawana nia mbaya.

Wa kwanza ni mtaro. Ardhi imegawanywa vipande vidogo, watoto ni wengi, na bonde lenye unyevu ndilo pekee linaloweza kutoa mazao wakati wa kiangazi. Hapo hulimwa nduma, ambazo sisi huku tunaziita majimbi, pamoja na sukuma wiki, nyanya na mishiri. Nduma peke yake si adui mkubwa, kwa kuwa inapenda majimaji. Tatizo ni kuyatoa maji yote ili yapandwe mazao yasiyopenda kulowa.

Wa pili ni mikaratusi. Ni mti unaokua upesi, una soko la nguzo na kuni, na kwa sababu hiyo hiyo unakunywa maji mengi. Ukipandwa kwenye chemchemi unakuwa kama mgeni aliyekaa juu ya mtungi. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kandokando ya vyanzo vya maji iondolewe. Mabonde mengi bado inasimama.

Wa tatu ni udongo na mbolea. Shamba la mteremkoni lisilo na matuta hushusha udongo kidimbwini hadi kina kinajaa. Mbolea nayo hulisha magugu na mwani, maji yakawa ya kijani na mazito, na mbegu ya yungiyungi iliyoko chini isione mwanga.

Wa nne ni wageni walioletwa. Mfano wake uko Naivasha. Watu waliolijua ziwa hilo miaka ya 1960 walikuta mayungiyungi ya samawati yametanda kandokando. Mwaka 1970 wakaingizwa kamba wa maji baridi kutoka Marekani, kwa nia njema ya biashara. Kamba hao hula mimea ya majini bila huruma. Kabla yao lilikuwa limekwisha kuingia gugu lielealo liitwalo Salvinia. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mayungiyungi yalikuwa yametoweka katika ziwa kuu. Lile ni ziwa kubwa, lenye watafiti na mahoteli na watu wa kulipigia kelele. Fikiria basi kidimbwi cha bondeni ambacho hata jina hakina.

Somo kutoka Rwanda

Kuna kisa kimoja ninachotaka wanawe yule mama wakisikie. Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Eberhard Fischer, aligundua kusini magharibi mwa Rwanda, mahali paitwapo Mashyuza, yungiyungi dogo kuliko yote duniani. Lingine lilikuwa na majani yasiyozidi ukubwa wa kidole gumba. Lilipewa jina Nymphaea thermarum kwa sababu liliota kwenye tope lililolowanishwa na chemchemi ya maji moto, na halikuwa limeonekana mahali pengine popote.

Mnamo mwaka 2008 likatoweka pale. Halikuchomwa wala kung'olewa na mtu mwenye chuki nalo. Watu waliyatumia maji ya chemchemi kwa mahitaji yao, tope likakauka, na ua likafa. Ilikuwa ni kuhamisha maji, basi.

Kwa bahati njema Fischer alikuwa amepeleka mimea michache katika bustani ya mimea ya Bonn, Ujerumani. Mbegu zikafika Kew, London, na huko zilikataa kukua hadi mwaka 2009, mkulima wa bustani Carlos Magdalena alipogundua siri: tofauti na ndugu zake wanaoanza maisha chini ya maji, hili lilitaka kuota mahali ambapo maji yako usawa wa tope na hewa inaligusa. Likastawi. Januari 2014 mwizi akaiba mche mmoja hapo Kew, na habari ikazunguka dunia. Mwaka 2023 likapatikana tena porini Rwanda, mimea michache, na watu wakashukuru.

Ukikipima vizuri kisa hiki utaona jambo la kusikitisha. Mmea uliokua bure kwenye tope la kijiji uligharimu miaka ya maarifa na vyumba vya vioo vya Ulaya ili usife. Waliosema "ni ua tu" hawakujua kwamba lilikuwa moja tu ulimwenguni. Na hata liliporudi, kilichohitajika ni kile kile cha mwanzo: chemchemi iachiwe tope lake.

Maji hufuata mkondo

Sasa nirudi kwetu. Kwa nini mtu wa Garsen, Kipini, Lamu au Mombasa ajali kidimbwi cha Embu?

Chukua ramani. Mito ya Ena na Thuci upande wa Embu, na Mutonga, Kathita na Ura upande wa Meru na Tharaka, yote huishia Tana. Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita 1,000, na unamwaga maji yake baharini kwetu karibu na Kipini. Njiani, mipakani mwa Embu, yako mabwawa ya umeme yaliyojengwa moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mabonde yanayokatwa mtaro juu ya mabwawa hayo hupeleka udongo mwingi zaidi humo, na Masinga imekuwa ikipoteza nafasi ya kuhifadhi maji kwa sababu ya mashapo. Taa unayowasha Likoni ina sehemu yake katika habari hii.

Chini zaidi, delta ya Tana iliandikishwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Mpokomo anayelima kingo na Muorma anayenywesha ng'ombe wote wanategemea mto unaopanda na kushuka kwa kipimo. Tumeona mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024 mafuriko yalivyowatoa watu wa Tana River majumbani mwao. Sisemi vidimbwi vya Meru vingeyazuia mafuriko yale. Mvua ilikuwa kubwa mno. Ila nchi ya juu isiyo na vinamasi hutuletea maji yote kwa pamoja tusipoyahitaji, na kutunyima tunapoyahitaji.

Na uhusiano wetu si wa maji tu. Wazee wa Kimeru husimulia kwamba mababu zao waliishi mahali paitwapo Mbwaa, penye maji makuu, chini ya mabwana waliovaa nguo nyekundu, wakatoroka usiku wakavuka na kuelekea bara. Baadhi ya wanahistoria wanaihusisha Mbwaa hiyo na kisiwa cha Manda, hapo Lamu. Ikiwa ni hivyo, Mmeru na mtu wa Pwani walikuwa majirani kabla ya miraa kujulikana, na mto huo huo bado unatuunganisha.

Jibu langu kwa mama

Basi wanawe niwaambieje? Siwezi kumwambia kijana mwenye watoto shuleni aache kulima kwa sababu ya ua. Atanicheka, na atakuwa na haki. Lakini nitamweleza haya.

Kwanza, hesabu. Mtaro wa jirani yake ulitoa nyanya misimu miwili mizuri. Nilimuuliza rafiki yangu, akaniambia msimu wa tatu maji ya mtaroni yalikata mapema, na sasa jirani huyo anakuja na mtungi kuomba maji kwenye kidimbwi cha mama. Kidimbwi kilichobaki kina kazi kuliko kilichokaushwa. Mtu anaweza kulima kandokando yake, akamwagilia kwa ndoo au pampu ndogo kwa kipimo, akaacha katikati pakiwa na maji. Nduma zinaweza kupandwa ukingoni bila mtaro.

Pili, sheria. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inakataza kukausha ardhioevu bila kibali cha NEMA, na kanuni za mwaka 2009 zinataka kingo za mto ziachwe wazi angalau mita sita. Sheria hii si ya kumtisha mnyonge peke yake. Inamlinda pia asije tajiri mwenye mashine akalikausha bonde zima.

Tatu, wenzake. Ziko jumuiya za watumiaji wa maji mtoni, zinazotambuliwa na sheria ya maji, ambazo watu wa bonde moja huketi pamoja na kukubaliana nani achote wapi na nani apande nini. Mradi wa Upper Tana uliofadhiliwa na IFAD kuanzia mwaka 2012 ulifanya kazi na jumuiya kama hizo Embu na Meru. Kung'oa mikaratusi chemchemini na kupanda mikuyu na miti mingine ya asili ni kazi ya kijiji, mtu mmoja haiwezi.

Na sisi huku tusinyooshe kidole tu. Nilipokuwa mtoto, nyuma ya mtaa wetu palikuwa na ziwa dogo la msimu. Mvua za masika zikishuka, mayungiyungi yalijaa, nasi tulikata mabua yake tukayavunja vipande vipande tukafanya mikufu ya kuwavisha dada zetu. Palianza kutupwa taka, kisha kifusi, kisha pakapimwa viwanja. Leo pana nyumba, na kila masika maji huingia vyumbani mwa watu, kwa kuwa maji hayakusahau kwao. Hakuna aliyeuliza ua lilikwenda wapi. Sisi tuliofundishwa tusifanye israfu ya maji hata tukitawadha kando ya mto unaopita, tulifukia ziwa zima tukaona ni maendeleo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni vidimbwi hivi vidogo visivyo na jina, vya Embu, vya Meru, vya Kwale na Kilifi. Ukikiona kimoja chenye mayungiyungi, usiyang'oe kupeleka nyumbani, maana hufa kabla hujafika. Usimwage humo samaki au mmea uliotoka kwingine. Waonyeshe watoto, na uwaambie wenye ardhi kwamba wana kitu.

Juma lililopita nilimpigia rafiki yangu simu nikamsomea sehemu ya makala haya. Akaniambia ndugu zake hawajachimba bado, wanangoja mvua zikatike waamue. Kisha akampa simu mama yake. Nikamwamkia, akacheka kama siku ile, akasema maua yapo, yamefunguka asubuhi hii. "Umewapatia jibu?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Nimeliandika, mama. Mwambie mjukuu anayejua kusoma vizuri awasomee wote wawili."